Nilivyomuunganisha Mama Lusajo na Ukungu

Siku mliponiaga pale ukumbini, binti mmoja wa huduma kwa wateja aliniomba niandike mambo ya zamani ili vijana wa kazini wajifunze. Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa nilivipata kwa mwendo wa konokono, na mshahara wangu mnaujua maana ndio ninyi mliouchapa. Nitasema habari za ubao wa simu wa Tukuyu, za mzee aliyenifundisha kazi, na za mama mmoja wa Suma ambaye hadi leo sijui kama nilimtendea wema au nilimkosea.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo mvua ilinyesha, jambo ambalo kwa Tukuyu si habari. Viatu nilivyoazima kwa dada yangu vilikuwa vimejaa maji na vililia chwa, chwa, tangu mlangoni hadi kwenye kiti. Aliyenipokea aliitwa Mzee Yohana, opereta mkuu, mtu mwembamba aliyevaa sweta moja la kijivu mwaka mzima. Aliniangalia viatu kwanza, kisha akanielekeza ubaoni.

"Huu ndio mji," alisema. "Kaa."

Kwa ninyi mliozaliwa mkakuta simu iko mfukoni, nieleze kidogo. Ubao ulikuwa kama kabati la mbao lenye matundu, na kila tundu lilikuwa la mteja mmoja: ofisi ya wilaya, hospitali, polisi, misheni, kiwanda cha chai, na maduka machache. Juu ya kila tundu palikuwa na kibati kidogo. Mteja akizungusha mkono wa simu yake huko aliko, kibati chake kinaanguka na kengele inalia. Unachomeka waya, unavuta kiswichi, unasema, "Tukuyu." Anakuambia anamtaka nani. Unachomeka waya wa pili kwa anayetakiwa, unampigia kengele, unahakikisha wanasikiana, unasema, "Ongeeni." Halafu unarudisha kiswichi mahali pake na masikio yako yanatoka humo.

Kutoka ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kuchomeka waya hata mbuzi angefundishika. Kabla sijagusa chochote nilitia sahihi kiapo cha siri, na Mzee Yohana akakikazia kwa maneno yake: "Ukishasema ongeeni, wewe umekufa. Maiti hasikilizi." Nilikuwa binti wa kanisani, niliogopa viapo, nikaishika sheria ile kama nilivyoshika amri kumi, na nadhani zaidi. Nilikuwa narudisha kiswichi hata pale niliposikia jina la mtu wa ukoo wangu.

Mji mzima haukuamini. Nikipita sokoni wanawake walishusha sauti. Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akinichokoza mezani: "Haya, leo wakubwa wamesemaje?" Nilimjibu kwamba wakubwa wamesema upunguziwe nyama. Lakini moyoni iliniuma, maana hicho ndicho kitu kimoja kazini nilichojivunia.

Somo la pili la Mzee Yohana lilihusu ukungu. Nyaya zetu zilipita juu ya nguzo za miti, kuvuka mabonde na mashamba ya chai hadi Mbeya, na wakati wa ukungu mzito zililowa na kufanya vituko. Kibati kilianguka chenyewe na kengele ikalia, lakini ukiitika hupati mtu. Unasikia mchakacho kama mvua juu ya majani ya migomba, na nyuma yake kitu kinachopanda na kushuka, ambacho mgeni angedhani ni pumzi. Mara ya kwanza nilivua visikilizi vya kichwani nikavitupa mezani. Mzee Yohana alivichukua, akasikiliza, akanirudishia.

"Ni ukungu unapiga simu," alisema. "Itika mara tatu, usipojibiwa, kata. Usiuzungumzishe."

Nilidhani ni mzaha wa kumtisha mgeni. Baadaye niliona kwamba yeye mwenyewe, baada ya kuitika mara tatu, alikuwa akisema "samahani" kabla ya kukata. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akimwomba nani samahani.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mzee Yohana alikwisha kustaafu na kurudi kwao, na mimi ndiye niliyekalia kiti chake. Madukani palijaa vitu, minadani mitumba ikatandazwa, na watu waliokuwa wakienda Dar es Salaam kwa siku mbili barabarani walianza kusikia kwamba kuna kampuni za watu binafsi zenye ndege ndogo za abiria zinazofika Mbeya. Simu nazo zikawa nyingi, ingawa ubao ulikuwa ule ule na mimi nilikuwa yule yule.

Vijijini hakukuwa na simu. Mtu wa Dar akitaka kusema na mama yake, alipiga siku moja kabla, anaacha ujumbe: mwiteni fulani, kesho saa fulani. Mimi naandika kikaratasi, nampa mtu yeyote anayekwenda upande huo, dereva wa lori la majani ya chai au mwalimu, na kesho yake mama anafika kwetu posta amevaa nguo za Jumapili. Tuliita "kuitwa simu." Sikumbuki kikaratasi hata kimoja kilichopotea. Leo mnatuma ujumbe kwa kidole na mtu wa pili anasema hakuuona.

Basi siku moja alipiga kijana anayeitwa Lusajo, fundi wa mitambo huko Dar, mtoto wa pekee wa mama mjane wa Suma. Nilimfahamu kwa sauti tu. Alikuwa anacheka.

"Dada, kesho napanda ndege! Kazini wananituma Mbeya. Mama akisikia ataacha kula. Naomba umwite aje saa tisa mchana. Nikishuka, nikimaliza ya kazini, nitampigia, asikie kwa masikio yake kwamba nimefika, moyo wake utulie."

Nikaandika kikaratasi: Mama Lusajo, njoo posta kesho saa tisa, mwanao atakupigia akishuka kwenye ndege.

Kesho yake tuliamka hatuoni ng'ambo ya barabara. Mlima Rungwe haukuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mji hata saa nne asubuhi taa za ofisi zikawa bado zinawaka. Vibati vilianguka ovyo, nami niliitika mara tatu, tatu, nikakata.

Ilipokaribia saa sita kikaanguka kibati cha misheni moja upande wa Kinyala. Nilimsikia mtu anahema. Alitaka polisi. Nikaunganisha, na katika kuhakikisha kwamba wanasikiana nikayapata maneno ya kwanza: "Kuna ndege imepiga mlima huku juu yetu." Nikarudisha kiswichi.

Yaliyotokea huko nilikuja kuambiwa na watu wa Kinyala wenyewe. Ilikuwa kama saa tano. Ndege ilikuwa inashuka kwenda kutua Mbeya, ikapotea upande wetu. Walisikia sauti ikipita chini sana, juu ya mapaa, wakatoka nje kutazama na hawakuona kitu. Ikazunguka, ikapita tena. Mama mmoja alikuwa anapalilia, akainama kwa hofu ya kugongwa na kitu asichokiona. Halafu sauti ikaingia upande wa msitu na ikakatika. Walisimama wakisikiliza muda mrefu, na kuku nao walikuwa kimya.

Niliita Mbeya. Opereta mwenzangu wa huko, tuliyefahamiana miaka bila kuonana uso, aliniambia kwamba uwanjani watu wanangoja tangu asubuhi na hakuna ndege iliyoshuka. Nilimtajia jina la Lusajo. Akaenda kuuliza, akarudi.

"Yumo kwenye orodha," alisema. "Pole, shosti. Ni wa kwako?"

"Ni wa Suma," nilisema.

Niliandika kikaratasi kingine, safari hii kwa baba mdogo wa Lusajo, Mzee Anyosisye, aje posta haraka. Nilimpa dereva wa lori. Nilipogeuka, Mama Lusajo alikuwa amekwisha kufika. Ilikuwa saa saba na nusu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, kitenge kipya, miguu imeoshwa matope bombani, mikono juu ya mapaja.

"Nimewahi, mwanangu," aliniambia. "Nilisema isije ikalia mimi niko njiani."

Vijana wangu, mnaweza kuniuliza kwa nini sikumwambia. Kwanza, kiapo: nilichokijua nilikijua kupitia waya. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto akiwa peke yake, kwenye benchi la serikali, na mtu baki aliye nyuma ya kaunta. Huambiwa na wenye ukoo, nyumbani, wanawake wenzake wakiwa wamemzunguka wamshike asijitupe chini. Nilichokuwa nangoja ni Mzee Anyosisye. Nilimpa chai. Alikishika kikombe bila kunywa, akanisimulia jinsi Lusajo alivyoanguka kutoka juu ya mparachichi alipokuwa mdogo, na jinsi yeye alivyomtandika kwa hofu aliyomtia. Alicheka. Mimi nilitazama ubao.

Saa tisa kamili, kwa saa ya ukutani ambayo mimi mwenyewe niliitia ufunguo, kibati cha laini ya Mbeya kilianguka.

Kengele ikalia. Mama alisimama kabla sijagusa waya.

Nilichomeka. "Tukuyu." Hapakuwa na mtu. Ule mchakacho tu, mzito kuliko siku zote, na ile pumzi. "Tukuyu." "Tukuyu." Nilitakiwa kukata. Nikainua macho, na Mama Lusajo ameegemea kaunta, uso wake wote unang'aa.

"Ni yeye?"

Sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema siyo, kwa sababu baada ya siyo angeuliza kwa nini, na Mzee Anyosisye alikuwa hajafika. Nilitaka dakika chache tu. Nikamwambia, "Ingia kibandani, mama." Akaingia. Nikachomeka waya wa kibanda, nikampigia, nikasema, "Ongeeni." Na kwa mazoea ya miaka yote hiyo nikarudisha kiswichi.

Nilidhani atasema haloo, haloo, atatoka, nitamwambia laini ni mbovu, keti ungoje. Kibanda cha simu cha wateja kilikuwa na kioo. Nilimwona akisema haloo. Kisha akawa anasikiliza. Akatikisa kichwa kukubali. Akacheka na kujifunika mdomo. Akasema maneno mengi kwa Kinyakyusa, nikiona midomo tu, akasikiliza tena, safari hii muda mrefu, ameinamisha kichwa. Nilitazama saa: dakika nne. Kiswichi kilikuwa chini ya kidole changu, nacho sikukivuta. Sikukivuta kwa sababu ya kiapo, nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Alitoka anajifuta macho. "Amefika," alisema. "Anasema kuna ukungu mwingi, hawakuona kitu, lakini amefika. Anasema nisimwekee chakula leo. Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana." Akanishika mikono yote miwili, akaenda zake Suma.

Sikumzuia. Nilikaa pale visikilizi vikiwa shingoni. Mzee Anyosisye alifika saa kumi, wamepishana njiani, na polisi ndio waliomwambia.

Watu wa Kinyala na askari walipanda msituni siku mbili kuwashusha waliokufa, maana hakupona mtu. Jeneza la Lusajo lilifika Suma limepigiliwa misumari, na wenye ukoo wakaambiwa wasilifungue. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mama alilitazama, akasema huyu si wake. Ndege imeanguka saa tano, yeye ameongea na mwanawe saa tisa. Kama hamniamini, alisema, muulizeni dada wa simu.

Katika ukoo ule mama mzazi ndiye anayeanza kilio, wanawake wengine wanafuata. Yeye hakuanza. Mzee Anyosisye alikuja ofisini asubuhi ya pili tangu jeneza lifike, koti limelowa.

"Dada, twende," alisema. "Tuna jeneza uani, watu zaidi ya mia, na hakuna anayelia. Kaburi linajaa maji, vijana wanachota kwa ndoo. Shemeji kasema neno lako ndilo litakaloamua. Sasa uje useme."

Nimekwenda kwenye misiba mingi ya Wanyakyusa. Kilio chetu unakisikia kabla hujaona nyumba. Siku ile tulishuka kati ya migomba tukifuata kimya. Wanawake walikuwa wamekaa chini safu kwa safu, khanga vichwani, na ungesikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani. Mama Lusajo alikuwa mlangoni, amenyooka. Aliponiona alitabasamu, kama mtu aliyemwona shahidi wake akifika.

Mzee mmoja wa kanisa alisimama. "Dada wa simu, tuambie mbele ya Kyala, Mungu wetu, na mbele ya watu. Siku ile saa tisa, nani alikuwa kwenye laini?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sijui. Nilisikia ukungu mwanzoni. Baada ya hapo nilitoka. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kusema hivyo. Lakini nikiwa pale niliona wazi kwamba sijui yangu itamwacha Lusajo uani, mvua ikimnyeshea, na mama yake akimngoja mlangoni maisha yake yote. Mtu huzikwa. Nikasema:

"Nilisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa ukungu."

Minong'ono ikapita katika watu. Nilijua wanachonong'ona: kumbe husikiliza kweli. Mama Lusajo hakunong'ona. Alinitazama kitambo, uso ukibadilika taratibu, si kwa hasira. Kisha akageuka kuwatazama wale vijana wenye ndoo, wamelowa hadi mifupa. Akafungua mdomo akalia, na wanawake wote wakapokea, na nchi yote ikajaa sauti. Tulimzika Lusajo kabla ya saa nane.

Maneno yangu yalinitangulia Tukuyu. Nilipewa barua ya onyo kwa kuvunja kiapo, barua ambayo labda bado imo kwenye faili langu kama mnapenda kuitafuta. Sikujitetea. Ningejiteteaje bila kulifukua kaburi?

Baada ya miezi miwili, asubuhi ya jua, jambo ambalo kwa Tukuyu ni habari, Mama Lusajo aliingia ofisini na ndizi kichwani. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, akaniuliza watoto, nikamuuliza shamba. Alingoja hadi mteja wa mwisho akatoka. Akasogea karibu na kaunta.

"Mwanangu, nimekuja kwa jambo moja. Siku ile, mwishoni kabisa, laini ilikoroma, nikapoteza neno lake la mwisho. Nikamwambia rudia, akarudia, sikulishika. Silali kwa ajili ya neno hilo. Wewe ulikuwa unasikiliza. Alisema nini?"

"Mama, kule msibani nilisema hakukuwa na mtu."

"Kule ulisema mbele ya wazee. Walitaka kuzika, na wale vijana walikuwa wananyeshewa. Nilikuelewa, sikukukasirikia hata kidogo. Hapa tuko sisi wawili."

Ningeweza kutunga neno. Neno lolote zuri lingetosha: kwaheri, asante, ubaki salama. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka yote hii, na ziko siku naona ningelitoa bila kusita. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema uongo mmoja katika habari ya mtoto wake, sikuweza kumtia na maneno mdomoni.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Sikusikiliza. Niliwadanganya. Nilirudisha kiswichi nikatoka, kama tulivyofundishwa. Sikusikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Alizishusha zile ndizi taratibu juu ya kaunta, akajifunga kitenge vizuri. Mlangoni aligeuka.

"Basi," alisema. "Mimi nilidhani tuko wawili tuliomsikia."